Barua ya wazi kwa mwenzangu wa bwenini: usinitume kwa mwanao

Ndugu yangu,

Pole tena kwa msiba wa shemeji. Nilikuwapo tulipomzika, nimelala nawe mkekani mpaka matanga yakaanuliwa, kwa hiyo mtu asiseme nimekutupa. Lakini lile uliloniomba kwenye simu siliwezi. Nilipokwambia siliwezi ukakata, na tangu siku hiyo hupokei. Basi nimeamua kuandika hadharani. Wadogo zako watakusomea.

Mwanao wa mwisho ameambiwa kifo cha baba yake baada ya kumaliza mitihani yake huko ughaibuni, kaburi limeshajengewa. Sasa hasemi na mtu. Wewe unataka mimi, mama yake mkubwa, nimweleweshe kwamba mlimficha kwa faida yake. Katika ukoo wote huo na marafiki wote hao, ukaniona mimi. Umesahau Novemba 1978, wakati wa vita vya Kagera?

Mimi sijasahau hata harufu yake. Mafuta ya taa na udongo mbichi. Tulikuwa tumechimba mahandaki nyuma ya mabweni kwa majembe yale yale ya shamba la shule, mvua za vuli zikayajaza maji, na kila ndege ikipita tunaruka humo na sare zetu. Madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, halafu usiku tunatetemeka kwa baridi. Kengele ya chakula ilipigwa marufuku, ikabaki ya hatari tu, kwa hiyo kiranja wa zamu alipita bweni kwa bweni akitwambia kwa mdomo kwamba uji uko tayari. Uji wenyewe hauna sukari, maana tulikubaliana sukari yetu iende kwa wanajeshi. Prepo tulisomea chemli moja meza nzima, imefunikwa kanga upande mmoja. Malori ya jeshi yakishuka bandarini Mwanza usiku, taa zimezibwa, tulikuwa tunayahesabu kwa masikio.

Na katika hayo yote ulikuwa dada kwangu. Nakiri mbele ya kila anayesoma. Mche wa sabuni ulikuwa unaukata kwa uzi, kipande kikubwa unanipa mimi. Hesabu nilizifahamu kwa sababu yako. Nilipopata malaria ulinibeba mgongoni hadi handakini, ukakaa ndani ya maji ili mimi nikae mapajani pako pakavu.

Majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia mwisho wa Oktoba. Kwenu Muleba kulikuwa salama, kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, kwenye kile kipande ambacho Amin alikitangaza tarehe 1 Novemba kuwa ni cha Uganda. Kesho yake tukajazana bwaloni kumsikiliza Mwalimu Nyerere redioni. Sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, nia ya kumpiga tunayo. Bwalo zima likalipuka kwa vigelegele. Mimi nililia, kwa kuwa nyumbani kwetu hakujatoka neno lolote, na wewe ukanishika mkono chini ya meza ukaniambia kwa Kihaya kwamba nitapata habari, na zikija utakuwa nami. Ulisema hivyo. Halafu tukasikia daraja la Kyaka, la kuvukia mto Kagera, limevunjwa, nikajua watu wetu hawana njia tena ila mtumbwi.

Basi habari zikaja, nawe ukazikuta getini.

Ilikuwa katikati ya mitihani ya kidato cha nne. Mchana ule tumetoka kwenye karatasi ya Hesabu, mimi niko nyuma ya jiko nafua sketi. Kaka yangu mkubwa amefika getini, ameshuka melini kutoka Bukoba, amevaa koti la baba, miguu imevimba. Mlinzi akamshuku, siku zile kila mwanamume mgeni alishukiwa, akaita kiranja. Kiranja ulikuwa wewe. Matroni akakuachia uamuzi kwa sababu unajua lugha yake.

Kaka alikuja kuniambia kwamba baba amepigwa risasi uani kwetu, na mama amevuka na wadogo, na mahali walikojisitiri. Ukamsikiliza yote. Kisha ukamwambia nina mitihani, nikiambiwa sasa nitavunjika, aende, wewe utaniambia. Kaka hakuwa amesoma. Msichana mwenye beji ya kiranja kamwambia jambo kwa sauti ya upole, akalikubali. Akaomba anione tu. Ukamsogeza kwenye pengo la ukuta wa jiko, akanitazama nikifua. Nilikuwa nimewapa mgongo. Akaondoka.

Haya yote umenisimulia wewe mwenyewe, usiku wa karatasi ya mwisho, wenzetu wanaimba na kufunga masanduku. Tena ulinisimulia kama mtu aliyenitendea wema. "Nilimwonyesha, akafurahi kukuona mzima." Kumbe wiki ile ile kaka alikuwa ameshajiandikisha mgambo. Alifia upande wa pili wa mpaka kabla Kampala haijaanguka, tarehe 11 Aprili 1979 imekuta sisi tumeshapewa taarifa. Amelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya pamoja na wenzake. Sikumwona tena, na yeye mara ya mwisho aliona mgongo wangu.

Kila nikilitaja hili unanijibu kitu kimoja: ulifaulu. Ni kweli, nilifaulu, nikachaguliwa kidato cha tano, nikawa mwalimu, wanafunzi wangu ni watu wazima leo. Nani amesema nisingefaulu nikiwa nimeambiwa? Katika chumba kile cha mtihani walikuwamo wasichana ambao kaka zao walikuwa mstari wa mbele, wanaandika huku wanasikiliza magari. Tulikuwa tunaruka mahandakini asubuhi na kujibu maswali mchana. Hukunipima. Uliniamulia.

Na wewe mwenyewe hukuamuliwa. Mwaka uliofuata, Libya ilipoleta ndege kumsaidia nduli na mabomu yaliyokusudiwa Mwanza yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama, mjomba wako alikufuata siku hiyo hiyo. Hakuna kiranja aliyemwambia akuchungulie kwenye pengo arudi zake. Ulinisimulia ukishukuru Mungu, na mimi nikashukuru pamoja nawe, ila moyoni nilikuangalia.

Sasa kuhusu mtoto. Usimwanzie habari ya mtihani, maana hilo ndilo atakalolichukia maisha yake yote. Usimwitie wazee wamkalishe kikao. Mwambie baba alianza kuugua lini, alikula nini siku ya mwisho, nani alimshika, alimtaja au hakumtaja. Mpeleke kaburini nyinyi wawili peke yenu, na akitaka kupiga kelele mwache apige. Umesema utamwonyesha video ya mazishi. Usianze na video. Mtu anayeonyeshwa wengine wakimlilia baba yake, na yeye siku ile alikuwa anakula chakula cha mchana bila habari, unamtonesha.

Najua watakaosema nina kinyongo. Wadogo zako wameshasema, maneno yamenifikia. Mwenye kinyongo angekusimamia harusi? Huyu huyu mtoto alipokuwa anasoma Mwanza alikaa kwangu, alikuwa ananiita mama bila kuongeza "mkubwa". Shemeji alipolazwa nilikuwa nawe wodini usiku, na ni mimi niliyekushauri, pale pale kwenye benchi, mpigieni kijana ajue hali ya mzee. Ukasema asije akafeli. Nilinyamaza kwa sababu mume ni wako na mtoto ni wako. Kwa hiyo msiniweke pamoja na walioficha. Na hili la kukataa kumtuliza, mnaliita kisasi. Nimtulize nikiwa nasema nini? Nimwambie ataelewa akikua? Mimi nimekua, nina wajukuu, na sijaelewa.

Amenipigia jana. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: siku mama aliponitumia "ufanye vizuri mtihani, baba anakusalimia", baba alikuwa hai? Nimemwambia amuulize mama yake.

Anatua Ijumaa. Nitampokea mimi uwanja wa ndege, nitamleta hadi mlangoni kwako, kisha nitakwenda jikoni kusaidia. Sitaingia sebuleni hata ukiniita. Nitahakikisha tu mmekula.

Ukishamaliza naye, njoo ukae na mimi, hata iwe usiku wa manane. Usiku ule bwenini nilikuuliza kaka alisema nini alipogeuka kuondoka, ukaniambia tulale, kesho kuna safari. Nimekuuliza tena kwenye msiba wa mama yangu, ukaniambia ni zamani. Wewe kumbukumbu yako haijawahi kukutupa, bado unazitaja nambari za vitanda vyetu. Alisema nini? Nataka maneno yenyewe, kwa Kihaya, kama alivyoyatamka.