Nadaiwa raundi mbili

Mombasa, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Salamu, na huko Tanga nisalimie wote. Siku ile uliniuliza kwenye simu: mtu mzima, ana mke na watoto, vipi anywe mpaka abebwe kama gunia? Nikacheka, nikaigeuza stori. Sasa nakujibu, maana aliyebebwa juzi Ijumaa ni mimi.

Tulipolipwa pale godauni tulipitia Mishomoroni kwa mnazi. Wa asubuhi ni mtamu, lakini wa jioni ushachacha, unakata. Nilinuia chupa moja. Mwenzangu akaninunulia ya pili, na hapo nikanasa, kwani utanyanyuka vipi ukiwa na deni la mtu? Nikamrudishia. Wa tatu akaagizia meza nzima, wa nne naye akaona haya kubaki nyuma. Kiu yangu iliisha kwenye ile ya kwanza, wallahi.

Watu husema ni shida. Kweli shida zipo: tangu makontena yaanze kupanda reli mpya, madereva wangapi wa malori wamekaa kitako Changamwe? Lakini mbona Jumanne, mfuko ukiwa mkavu na shida zimejaa, hatulewi? Sisi hulewa siku ya pesa.

Nesi mmoja alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 za alkoholi kwa kikao kimoja kuwa ni kupindukia, yaani kama bia tatu za nusu lita. Nikamcheka, kwetu tatu ni za kufungulia mdomo. Akasema pombe huanza kwa kulaza ile sehemu ya ubongo inayokwambia "basi". Hilo sikulicheka. Yule aliyeahidi "moja tu" hufika ya tatu keshalala, anayeendelea kuagiza ni mwingine. Na tumbo nalo lilikuwa tupu, chakula cha mchana nilikiruka nikingoja mshahara.

Niliamka sebuleni, ndara mguu mmoja. Mke wangu alikuwa ameacha uji kwenye bakuli, ameufunika kwa sahani. Hakusema neno mpaka leo. Heri angenifokea.

Ijumaa tunalipwa tena, na nimeshakumbushwa kuwa nadaiwa raundi mbili. Nipigie saa kumi na moja jioni, unizungumzishe chochote, hata mpira, mpaka nipande matatu.

Wako,
yule yule wa Kisauni