Barua kwa Mwanangu: Chumvi, Maji na Seli

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Katika barua yako uliuliza kwa nini mvuvi aliyeishiwa na maji hakatwi kiu na bahari iliyomzunguka, ukasema jibu la kwamba "ina chumvi" halikukutosheleza. Una haki.

Anza na embe mbichi ambazo bibi yako huzikata na kuzinyunyizia chumvi kabla ya kutengeneza achari. Hakuna amwagaye maji katika bakuli lile, lakini baada ya saa chache vipande husinyaa na chini yake maji hujaa. Maji hayo hutoka ndani ya seli za embe. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno wa mafuta na protini, unaopitisha maji kwa wepesi kuliko chumvi, na maji huelekea upande ambako chumvi imezidi. Mwendo huo huitwa osmosisi.

Seli zetu zimezoea ukolezi unaolingana na ule wa dripu ya hospitali, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita, ilhali bahari ina takriban gramu 35. Mvuvi akiinywa, chumvi huzidi katika damu na maji huanza kuzihama seli zake. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari, kwa hiyo ili kuiondoa chumvi hiyo hulazimika kutumia maji mengi kuliko aliyokunywa.

Sehemu inayonipendeza zaidi ni kwamba utando huo haujitoshelezi. Sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, hupenya ndani kidogo kidogo, na seli hulazimika kuitoa bila kupumzika. Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, alieleza mwaka 1957 protini ifanyayo kazi hiyo, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Protini hiyo hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na kila zamu hugharimu molekuli moja ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika mitokondria, vijisehemu vya seli vya kuzalisha nishati, kwa kutumia chakula tunachokula na oksijeni tunayovuta. Basi hata ukiwa umelala fofofo bwenini, sehemu ya chakula chako cha jioni inatumika kuitoa sodiamu nje.

Juhudi hiyo haipotei bure. Kwa kuwa ndani ya seli za utumbo sodiamu ni kidogo, ile iliyo nje huingia kwa kasi ikiandamana na sukari, na maji hufuata. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha hupewa maji yaliyotiwa sukari na chumvi kwa vipimo maalumu.

Mikoko yetu ya hori ya Tudor nayo inaishi na bahari kila siku. Mkoko wenyewe huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, lakini mchu, aina nyingine ya mikoko, huiruhusu kiasi fulani ipande, kisha huitoa kupitia tezi ndogo za majani. Ukija likizo tutakwenda maji yakipwa, uchume jani la mchu, uliangalie vizuri juani, kisha ulilambe.

Ni mimi mamako akupendaye.