Deni la matibabu lisiharibu jina la mtu

Mhariri,

Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba ni makosa kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili. Hata hivyo, huku Eastlands familia nyingi bado hukimbilia mikopo ya simu ili mgonjwa wao aruhusiwe kwenda nyumbani. Mchango wa jamaa hautoshi, harambee nayo huchukua muda. Malipo yakichelewa, wakusanyaji madeni huanza kupiga simu usiku na mchana, kisha jina hupelekwa CRB, mashirika yanayoweka rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo.

Dada yangu, muuza mboga, alinyimwa mkopo wa biashara kwa deni alilochukua kumtibu mwanawe. Hakukopa kwa anasa! Sasa atalipaje, ikiwa hata mtaji hapewi?

Wasomaji wajue kwamba kila mwananchi ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, na kupinga taarifa isiyo sahihi. Anayekudai akiwapigia jamaa na marafiki zako ili kukuaibisha, mshtaki kwa Kamishna wa Kulinda Data; sheria ipo tangu 2019.

Naiomba Benki Kuu ilitenge deni la matibabu na madeni mengine, na jina la aliyemaliza kulipa lifutwe CRB mara moja, badala ya kubeba doa hilo kwa miaka.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi