Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Saratani ya Damu kwa Mgeni Rasmi, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Madaktari, wauguzi, walimu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kikundi chetu kina wazazi kutoka Mbeya Mjini, Rungwe, Kyela na Mbarali. Tulifahamiana wodini, tukaanza kuchangiana nauli, sasa tunachangiana hata unga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunaomba utusikilize kuhusu mifupa ya watoto hawa.

Mama mwenzetu wa Tukuyu hupima kimo cha mwanawe kwa kuchora mstari wa mkaa kwenye fremu ya mlango. Mwezi wa saba wa matibabu, kichwa cha mtoto kiliishia chini ya mstari wa zamani kwa upana wa kidole. Akamwambia anyooke, akapima tena. Vilevile. Mtoto hakuwa amelalamika popote. Eksirei ikaonyesha pingili tatu za mgongo zimebonyea kwa mbele, kama kopo lililokanyagwa upande mmoja.

Saratani hii hujaa ndani ya uboho na kuudhoofisha mfupa hata kabla ya dawa ya kwanza. Kisha huja prednisoloni na deksamethasoni, ambazo huua chembe za saratani lakini pia huzuia mfupa kujijenga. Dawa hizo hatuzikatai hata kidogo. Ndizo zinazotubakizia watoto.

Huko Kanada madaktari walifuatilia watoto 186 wenye ugonjwa huu. Walipogunduliwa tu, 16 katika kila 100 tayari walikuwa na pingili iliyobonyea, na karibu nusu ya hao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Mivunjiko mipya ilizidi mwaka wa kwanza. Tena, mtoto aliyeanza na pingili iliyobonyea, hata kidogo tu, ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kuvunjika baadaye. Kwa hiyo picha ya siku za mwanzo inamwambia daktari nani wa kuangaliwa kwa karibu. Kusubiri mtoto aseme "mgongo unauma" ni kuchelewa.

Ombi letu ni moja: kila mtoto apigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu anapogunduliwa, na tena baada ya miezi 12. Mashine ni ileile inayopiga picha za kifua. Mtoto mdogo akiwahiwa, pingili inaweza kurudi umbo lake kadiri anavyokua.

Walimu wetu, msiwatwishe ndoo wala kuni, lakini msiwazuie kutembea na wenzao. Wazazi tutaendelea na maziwa na dagaa wa Kyela, ingawa havichukui nafasi ya picha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto wa Tukuyu ndiye atakayekuvisha skafu. Alitaka kupanda kigoda, tumemkataza. Tunakuomba uiname.

Tunaomba kuwasilisha.