Mazalia ya samaki yaandikwe kabla meli za mafuta hazijazoea Chongoleani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mvuvi wa Kigombe, mkoani Tanga. Nimevua miaka 38, mwanzo kwa mshipi na dema, yaani mtego wa kusuka, pamoja na marehemu baba, baadaye kwa jarife, wavu mkubwa. Sasa ngalawa anakwenda nayo mwanangu, mimi nabaki pwani kusuka madema. Naomba nafasi niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nimechelewa kulielewa.

Tangu zianze habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa kwetu, nimehudhuria mikutano mitatu. Yote mitatu nilinyoosha mkono, na swali langu lilikuwa lile lile: mafuta yakimwagika, nyavu zetu atalipa nani? Wenzangu waliulizia vyombo, waliulizia fidia ya siku za kukaa bila kuvua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizia mayai ya samaki.

Kilichonifumbua macho ni kaskazi ya mwaka juzi. Chombo kimoja, ambacho jina lake sikuliona, kililala usiku nje ya mwamba, na alfajiri hakikuwapo. Kiliacha utando wa oili chafu uliosukumwa na maji kujaa mpaka ndani ya mikoko. Nilishuka na kopo la rangi nikachota maji kati ya mizizi. Juu yaling'aa kama shingo ya njiwa. Ndani mlikuwa na vifaranga vya tasi, vyembamba kama punje za mchele, vinapitisha mwanga. Vilikuwa hai. Lakini vilizunguka mahali pamoja, vikilala ubavu, vikijiinua, vikilala tena. Nilikaa navyo kwenye kivuli cha mkoko mpaka maji yakaanza kutoka, na kimoja kimoja vikatuama chini ya kopo.

Siku hiyo hiyo madema ya nje yalitoka na changu wazima kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Samaki mkubwa akisikia mafuta anahama. Yai halihami, na la samaki wengi linaelea na maji yalipo, na mafuta yanaelea hapo hapo.

Binti yangu anasomea mambo ya bahari, na nilipomsimulia alinisomea mengi. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba kule Alaska tarehe 24 Machi 1989, ikamwaga zaidi ya lita milioni 40. Wiki chache baadaye heringi, samaki wa ukoo mmoja na dagaa wetu wa baharini, wakaja kutaga katika ghuba ile ile kama walivyozoea. Miaka minne ikapita, na mwaka 1993 heringi wakaporomoka. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na mafuta na kiasi gani na maradhi, lakini uvuvi wa watu wale haujarudi ulivyokuwa. Kisima cha mafuta cha Ghuba ya Meksiko nacho kililipuka tarehe 20 Aprili 2010, kikaua watu 11, na mafuta yakatoka siku 87. Ulikuwa msimu wa jodari kutaga. Waliochunguza baadaye waligundua kwamba sumu za mafuta yale zinavuruga mapigo ya moyo wa kifaranga angali ndani ya yai. Anaweza kuanguliwa, akaogelea, ukamdhani mzima, kumbe mbio hana. Na jodari asiye na mbio hafiki ukubwa wa kuvuliwa.

Katika mkutano mmoja tuliambiwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo ni rahisi kuyazoa. Kwamba yanaganda ni kweli, na ndiyo sababu bomba linapashwa moto njia nzima. Lakini meli inayokuja kupakia ina mafuta yake ya injini, na hayo ni mengine. Wakashio iliyokwama Mauritius Julai 2020 haikuwa hata meli ya mafuta. Haikuwa na shehena. Yaliyovuja, kama tani 1,000, yalikuwa ya kuendeshea meli yenyewe, na yaliingia kwenye mikoko na matumbawe mpaka wananchi wakashona maboya ya kuyazuia kwa majani ya miwa na nywele za watu. Walifanya hivyo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Meli ilikaa juu ya mwamba siku 12 kabla ya kuanza kuvuja.

Halafu tunaye silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu. Nilimwona mwaka 2004, ameletwa na jarife lililotegwa kwenye kina kirefu: samawati iliyokoza, madoa meupe, magamba magumu kama kigae, mapezi yenye nyama kama vikono. Tulimkalia kikao tusijue tumwiteje. Dunia ilidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake Serikali ilitenga hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009. Huyu hatagi, anazaa, na utafiti uliotoka mwaka 2021 unasema mimba yake huchukua kama miaka mitano, na jike huanza kuzaa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Dagaa akipoteza msimu mmoja, huenda mwakani akarudi. Silikanti wa leo wakidhurika, mjukuu wangu atazeeka kabla pengo halijazibwa.

Kwa hiyo naomba mpango wa dharura wa bandari na gati la Chongoleani uwe na ramani ya mazalia, mwezi kwa mwezi, na ramani hiyo wakae wavuvi kuichora. Tunajua mwamba ambao chewa hukusanyika wakati wa bamvua, yaani maji makuu, za kaskazi. Tunajua mikoko inayolea tasi na ile isiyolea. Maboya yatakapokuwa machache, watu wajue waanze kuziba mlango upi. Na ile dawa ya kutawanya mafuta isinyunyizwe ovyo, kwa sababu haiyaondoi, inayavunja yashuke majini, na huko chini ya mwamba wetu ndiko aliko silikanti.

Mkutano wa nne ukiitishwa, nitanyoosha mkono tena. Safari hii sitauliza nyavu.

Mvuvi,
Kigombe, Tanga