Shaba ilikuja baadaye, kama ulivyosema

Freiberg, 14 Novemba

Asha mwenzangu,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye huko Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo, na vumbi lake. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ujumbe wako kwamba Zuhura amejifungua niliusoma nikasema nitajibu jioni, na jioni ile haikufika. Uniwie radhi. Hata hivyo kilichonikalisha leo na kalamu ni kingine: ulisema kweli mwaka ule wa mwisho pale Mlimani, nami nilikuumbua mbele ya darasa zima.

Nadhani unakumbuka. Ubishi ulikuwa juu ya Kupferschiefer, ile sheli nyeusi, yaani tope lililogeuka mwamba, yenye shaba. Nilishikilia kwamba shaba ilishuka pamoja na tope, siku zilezile, kwenye bahari ya Zechstein ambayo maji yake ya chini hayakuwa na oksijeni. Ukasema hapana, tope lilitangulia, shaba ikapanda baadaye kutoka kwenye miamba iliyo chini yake. Nikakuuliza kwa sauti kama umewahi kufungua kitabu. Watu wakacheka. Ulinyamaza hadi kipindi kikaisha, na chai ukaninunulia vilevile.

Sasa ninaishi huku Ujerumani, karibu na mwamba wenyewe. Mwezi uliopita tulipelekwa Wettelrode, karibu na Sangerhausen, kwenye mgodi wa zamani uliobaki kuwa wa wageni. Unashushwa mita 283 kwa lifti ya wachimbaji, kisha unapanda kigari cha reli. Nilitarajia ukuta mrefu mweusi. Asha, tabaka lenyewe halifiki hata nusu mita! Kwa ajili ya ukanda huo watu wa Mansfeld walichimba tangu mwaka 1199, kwa jinsi wanavyosimulia wenyewe, hadi 1990. Walifanya kazi wamelala ubavu, kwa kuwa kupasua mwamba usio na kitu ili mtu asimame ni hasara, na shingo zao zikapinda hata wakapewa jina kwa ajili hiyo. Baba yake Martin Luther alihamia Mansfeld mwaka 1484 kutafuta riziki ya shaba hiyohiyo. Nilipoweka kiganja kwenye mwamba ule nilikuwazia wewe, na wale vijana wa kwenu wanaoingia mashimoni na taa za kichwani.

Lakini kilichonigeuza nilikiona huku juu, kwenye hadubini. Tulisugua kipande mpaka kiking'aa kama kioo. Ndani yake kuna vile vitufe vya pairiti, madini ya chuma na salfa, vyenye vinundu kama topetope, ambavyo huzaliwa kwenye tope la bahari iliyokosa hewa. Hivyo ni vya zamani, sibishi. Ila vingi vimeliwa. Katikati kumebaki pairiti ya njano iliyopauka, na kandokando imezungukwa na bornaiti na kalkosaiti, ambayo ni madini ya shaba. Shaba imekula kutoka nje kwenda ndani, kama mchwa kwenye mguu wa kitanda. Kilicholiwa lazima kilikuwepo kabla ya mlaji. Halafu nikaona mshipa mwembamba wa salfaidi, yaani metali iliyoshikana na salfa, unaokata matabaka, umepita moja kwa moja, haukujali lipi la juu wala lipi la chini. Nilikaa kwenye kile kiti muda mrefu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikikuuliza kuhusu kitabu.

Na ramani nayo inakuunga mkono. Bahari ile ilienea kutoka Uingereza hadi Poland, miaka milioni 250 na ushee iliyopita, na tope jeusi likatanda karibu kote. Kama shaba ingeshuka na tope, tungeikuta kote. Haiko hivyo: sehemu yenye shaba ya kuchimbika ni ndogo sana ukilinganisha na tabaka lote, nayo imekaa pembeni mwa maeneo ambako sheli imegeuka nyekundu, ile wanayoiita Rote Fäule. Ukitoka kwenye wekundu unakutana kwanza na shaba, kisha risasi, kisha zinki. Ni alama za njia ya maji. Maji ya chumvi kali, yenye joto, yalikaa kwenye mchanga mwekundu na miamba ya volkano iliyo chini, yakabeba shaba kwa msaada wa klorini. Yalipopenya juu yakakutana na sheli iliyojaa mabaki ya viumbe na salfa. Shaba ikanaswa kwanza, risasi na zinki zikasogea mbele kidogo. Tope lilikuwa mtego uliotegwa mapema mno. Kuhusu ni mapema kiasi gani, vipimo vya umri havijapatana: vingine vinakaribia umri wa tope lenyewe, vingine vinaonyesha shaba ilikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye.

Kuna kitu kimoja tu sikiachii, na hapa naomba unisikilize kama nilivyopaswa kukusikiliza. Si metali zote zilikuja hivyo. Molibdeni na vanadi kwenye sheli nyingi nyeusi ni zawadi ya bahari yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ya leo ina takriban maikrogramu 10 za molibdeni, na shaba haifiki hata 1. Chini ya Bahari Nyeusi, ambako oksijeni hakuna, tope linaendelea kunasa molibdeni hadi sasa hivi ninapoandika. Kule Australia, kwenye sheli ya Mount McRae yenye miaka bilioni 2.5, molibdeni inapanda ghafla, na walioichambua wanasema ni oksijeni ya kwanzakwanza iliyoanza kumomonyoa salfaidi za nchi kavu, mito ikapeleka baharini. Kwa hiyo mwamba mmoja unaweza kuwa na metali za safari mbili. Kosa langu lilikuwa kuzitungia zote safari moja, na kukucheka juu yake.

Sasa shida yangu. Tarehe 5 Desemba nawasilisha mbele ya jopo, na nataka kulinganisha na Katanga, eneo lenu la shaba, maana kwenu pia miamba myekundu iitwayo RAT iko chini na sheli iitwayo SDB iko juu. Ukipata nafasi, niangalizie sampuli za kuchoronga za SDB, zile za kina kirefu ambazo hazijaozeshwa na mvua, si zile za malakaiti ya kijani. Salfaidi zimelala na matabaka au zinayakata? Ndani ya karolaiti, yale madini ya kobalti na shaba, kuna mabaki ya pairiti? Picha ya simu iliyoshikiwa kwenye lenzi inatosha, na shilingi uiweke pembeni tujue ukubwa. Kama kazini kwenu hawaruhusu picha, basi nichoree. Michoro yako ilikuwa mizuri kuliko ya sisi sote.

Jina lako nitaliandika kwenye shukrani, na nitaeleza jopo kwamba hoja hii niliisikia kwako kwanza. Hilo halifuti siku ile, najua. Natamani ningekuwepo nikuambie uso kwa uso.

Mama anaendeleaje na miguu? Ule mradi wa kisima pale Muheza umefika wapi? Mtoto wa Zuhura wamempa jina gani, na ni kweli amefanana na babu yake? Bi Mwanaidi bado anakutumia achari kwa madereva? Kiswahili cha huko umeshakizoea, au bado wanakuambia unaongea kama redio? Na wewe, umekasirika nami miaka yote hii, au ulisahau mimi peke yangu nikabaki nayo? Niambie ukweli.

Wako akupendaye,
Rehema