KUH: MALALAMIKO JUU YA PIKIPIKI YA URITHI ILIYOZUIWA FORODHANI KWA KOSA LENU

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa baada ya nilivyotendewa kwenye kaunta yenu ya mizigo heshima hiyo naitoa kwa taabu. Pikipiki ya marehemu baba yangu, BSA Bantam D1, bado imefungiwa ghalani, na gharama za kuihifadhi zinazidi kupanda. Taratibu zenu mnazijua, sitazieleza.

Karani wenu alifungua bahasha yangu mbele ya wateja wengine. Akatoa hati ya usimamizi wa mirathi, yenye muhuri wa mahakama, akaisoma kwa sauti, kisha akanisukumia na kusema: "Kadi ina jina la marehemu. Basi marehemu aje asaini." Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Msimamizi wake alikuwa meza ya pili. Alisikia, akaendelea na karatasi zake.

Nilipodai sababu ya maana, akasema namba ya injini na namba ya fremu hazifanani, kwa hiyo pikipiki "imeungwaungwa". Kampuni inayopokea fedha kusafirisha vyombo vya zamani inapaswa kujua kwamba Bantam za aina hiyo zilitoka kiwandani injini ikiwa na namba yake na fremu na yake. Kadi ya usajili inazo zote mbili, na kwenye chuma zote zinasomeka. Picha zake zilikuwa ndani ya faili. Hakuzitazama.

Na mzigo ulikwama kwa nini hasa? Kwa sababu wenzake, kabla hata haujavuka mpaka, waliandika kwenye tamko la forodha kwamba ndani ya sanduku mna "vipuri vilivyotumika", kifungu 8714, ilhali hati ya shehena inasema pikipiki moja. Eti gurudumu la mbele na usukani vilikuwa vimefunguliwa. Vilifunguliwa ili sanduku liwe dogo, tena kwa maelekezo yenu wenyewe! Kanuni ya 2(a) ya kufasiri HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani, iko wazi: chombo kilicholetwa kikiwa kimefunguliwa huainishwa kama chombo kamili. Injini ya sentimita za ujazo 123, mahali pake ni 8711.20, kwenye pikipiki, si kwenye vipuri. Maofisa wa forodha waliona karatasi mbili zinapingana, wakazuia mzigo. Siwalaumu. Kosa ni la kwenu, lakini ankara mmeniletea mimi.

Sanduku lilipofunguliwa kwa ukaguzi, vibarua wenu waliilaza pikipiki ubavu juu ya sakafu ya zege. Tangi limebonyea na rangi ya kijani ya kiwandani imechunika. Baba alikataa maisha yake yote kuipaka rangi nyingine. Bantam ziliacha kutengenezwa mwaka 1971, na tangi jipya la kiwandani siwezi kuliagiza popote.

Lakini tangi si kitu mbele ya lile la kaunta, na lazima nilirudie, maana majibu yenu ya kwanza yaliliita "kutoelewana". Sikumwomba karani upendeleo. Nilimpa hati ya mahakama. Alilitaja jina la baba yangu kwa sauti ya juu, kana kwamba anamwita mteja kwenye foleni, akageuka kutazama mlangoni, akasubiri, ndipo akasema marehemu aje asaini. Mdogo wangu alikuwa kando yangu. Alitoka nje analia. Hakuna mfanyakazi wenu hata mmoja aliyesema "samahani" au "poleni". Huko ndiko kutoelewana?

Nataka tamko la forodha lirekebishwe kwa gharama zenu na ankara ya ghala ifutwe yote, si nusu kama mlivyopendekeza. Nataka tangi likaguliwe na fundi wa pikipiki za zamani nitakayemchagua mimi, nanyi mlipe atakachosema. Nilikuwa nimeishia hapo. Sasa nataka pia barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na karani yule pamoja na msimamizi wake, na iandikwe kwa familia nzima.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitarudi kwenye kaunta yenu. Faili hili, pamoja na nakala za karatasi zenu mbili zinazopingana, litakwenda kwa mamlaka iliyowapa leseni ya uwakala wa forodha, na wakili wangu atafungua madai ya fidia mahakamani.

Wenu,
Msimamizi wa mirathi